Kidole cha moto kisichouma: kisa cha neva iliyokatwa na bati

Siku ya 12 tangu aumie, kijana wa miaka 24, fundi wa kuezeka nyumba upande wa Ihumwa, aliingia kwenye chumba chetu cha fiziotherapia akiwa na mjomba wake. Ilikuwa katikati ya Juni, saa mbili na nusu asubuhi, na upepo wa Dodoma ulikuwa unakata. Mjomba alitusalimia wote kwa "mbukwenyi", kijana akaniamkia, kisha akaulaza mkono wa kushoto juu ya meza taratibu, kama anaweka kitu cha kuazima.

Bati lilimponyoka wakati analipandisha. Ukingo wake ukampitia upande wa ndani wa mkono, sentimita 3 juu ya mkunjo wa kifundo, usawa wa kidole kidogo. Alitoka damu nyingi, akakimbizwa zahanati, akashonwa. Vidole vilikuwa vinakunja, damu ilikuwa imekata, akaambiwa ana bahati. Siku ile alipokuja kwetu kovu lilikuwa limefunga vizuri kabisa, jembamba, kavu, halina usaha wala uvimbe.

Kilichomleta ni kidole kidogo. Tangu siku ya tatu kilikuwa cha moto. Siku ya sita alirudi zahanati, wakakishika, wakaona kweli kina joto na kimeiva kidogo, wakamwandikia antibayotiki za siku 7. Karibu anazimaliza, na joto liko palepale.

Aliyeandika dawa zile simlaumu. Mkono una kidonda, kidole kina joto, mawazo ya kwanza ni vijidudu. Lakini vijidudu haviji na joto peke yake; vinakuja na uvimbe, na kupwita, na maumivu yanayomnyima mtu usingizi. Nilikibana kidole kile kwenye ncha, kwa nguvu, mpaka damu ikaondoka chini ya ukucha. Kijana alikuwa anaongea na mjomba wake na hakugeuka. Kidole chenye usaha hakikubali kuguswa, sembuse kubanwa. Hiki kilikuwa na moto na hakikuwa na habari.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya kijana mwenyewe. Jina nimeliacha, na mambo machache yasiyogusa tiba nimeyabadilisha.

Kwa nini kidole kilichokufa ganzi kiwe cha moto

Watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya, wanaujua mshipa wa fahamu, yaani neva, kwa kazi mbili: kuleta hisia na kupeleka amri kwenye misuli. Kuna kazi ya tatu ambayo haisemwi sana. Ndani ya neva hiyohiyo hupita nyuzi nyembamba za simpathetiki, zinazokwenda kwenye mishipa midogo ya damu ya ngozi na kwenye tezi za jasho. Kila dakika nyuzi hizi zinaiambia mishipa ya damu ijibane kidogo, isiachie joto la mwili lipotee hovyo. Asubuhi ya baridi zinaibana zaidi, ndiyo maana vidole vinakuwa baridi.

Neva ikikatwa, amri hiyo inakoma. Mishipa ya damu inalegea, damu inajaa, ngozi inapata joto. Jasho nalo linakatika, kwa hiyo ngozi inakuwa kavu. Joto, ukavu na ganzi katika eneo moja linalofuata ramani ya neva moja: vitatu hivi vikikutana, neva imeacha kufanya kazi.

Haibaki hivyo siku zote. Baada ya wiki kadhaa picha inageuka. Mishipa ya damu iliyonyimwa neva inakuwa na uchu wa kupita kiasi kwa homoni za msisimko zinazozunguka kwenye damu, inajibana kwa kitu kidogo tu, na mkono usiotumika haupati damu nyingi. Kidole kilichokuwa cha moto kinakuwa cha baridi. Kwa hiyo kipimo chochote cha joto la neva lazima kisomwe pamoja na tarehe ya kuumia. Bila tarehe, namba ya joto haina maana, na inaweza kumpotosha mtu kabisa.

Kamera ya kupima joto la ngozi

Mionzi ya joto ambayo macho hayaioni iligunduliwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1800, alipopitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, pasipo na mwanga wowote unaoonekana, ndicho kilichopanda zaidi. Ngozi yetu inatoa mionzi hiyo usiku na mchana, na inaitoa karibu kikamilifu: kiwango chake ni kama 0.98 ya kitu kinachotoa joto lote. Na hapa kuna jambo zuri kwetu. Kiwango hicho ni kilekile kwa ngozi nyeusi na ngozi nyeupe. Wekundu wa ngozi unaoelezwa kwenye vitabu mara nyingi haujitokezi kwa wagonjwa wetu, lakini joto linajitokeza kwa kila mtu.

Mwaka 1988, Sumio Uematsu na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya joto la ngozi kwa kulinganisha upande mmoja wa mwili na mwingine. Kwa watu wazima wenye afya tofauti ilikuwa ndogo sana, wastani wa nyuzijoto 0.24. Kwa walioumia neva, ngozi inayohudumiwa na neva hiyo ilitofautiana na upande mzima kwa wastani wa nyuzijoto 1.55. Tofauti ya namna hiyo kamera inaiona bila shida, na mara nyingi hata mgongo wa mkono wako unaihisi.

Kamera niliyotumia si ya hospitali. Ni ile ndogo inayochomekwa chini ya simu, na niliiazima kwa ndugu yangu, fundi umeme, ambaye anaitumia kutafuta viungio vya nyaya vinavyopata moto kwenye mifumo ya sola. Kamera za daraja hili zinaweza kukosea joto halisi kwa nyuzi 2 au 3, kwa hiyo mtu asizitumie kusema "kidole kina 33 kamili". Lakini ndani ya picha moja, mikono miwili ikiwa imelala sambamba, kosa linaangukia pande zote mbili sawa, na tofauti kati yake inaaminika. Tunachotafuta sisi ni tofauti.

Picha ya kwanza, ambayo niliitupa

Nilifanya haraka. Kijana aliketi, nikamwambia alaze mikono yote miwili, nikapiga. Mkono wa kushoto ulitokea mweupe na wa manjano, wa kulia zambarau na bluu. Tofauti ilikuwa zaidi ya nyuzijoto 4. Kwa sekunde kadhaa nilifikiri nimepata jibu.

Kisha nikaangalia mpaka wa ile rangi. Neva ya ulna inahudumia kidole kidogo, nusu ya kidole cha pete, na ukanda wa kiganja upande huo. Kwenye picha yangu mkono mzima ulikuwa wa moto, dole gumba likiwemo, na joto lilikatika kwa mstari ulionyooka juu kidogo ya kifundo. Hakuna neva inayokatika hivyo. Nikamuuliza amekujaje. Bodaboda, kutoka Ihumwa, mjomba nyuma yeye katikati. Mkono wa kulia alishikilia koti la dereva, wa kushoto aliutia ndani ya jaketi asiupigishe baridi. Mpaka niliouona ulikuwa mdomo wa mfuko wa jaketi.

Asubuhi za Juni hapa joto linaweza kushuka hadi nyuzi 14 hivi, na ukiongeza upepo wa kwenye pikipiki, mkono ulio nje unakuwa kama umetolewa kwenye friji. Nimekieleza kisehemu hiki kwa urefu kwa sababu ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye kamera atalifanya, na rangi zinamsaidia kulifanya. Programu ya simu inazitandaza rangi zote kati ya joto la chini na la juu lililomo kwenye picha. Tofauti ya nyuzi 1 inaweza kuonekana kama moto na barafu. Ukizitazama rangi bila kusoma namba na bila kuutazama mpaka, utaona ugonjwa kwa kila mtu.

Tulifunga madirisha. Nilimwondoa karibu na ukuta unaopigwa na jua. Nilimwomba afute mikono kwa kitambaa kikavu, kwani alikuwa amejipaka mafuta ya mgando, na nani Dodoma asiyejipaka mafuta wakati wa kiangazi? Mafuta yanabadilisha namna ngozi inavyotoa joto. Hakuwa amevuta sigara, na chai alikuwa amekunywa alfajiri. Akakaa dakika 20, mikono juu ya mapaja, haigusani, haigusi meza.

Picha ya pili

Dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimelingana pande zote mbili, tofauti ya nyuzi 0.2. Kidole kidogo cha kulia kilisoma 31.1, cha kushoto 33.4. Tofauti ya 2.3. Kidole cha pete cha kushoto kilikuwa na sura mbili: upande unaotazama kidole kidogo ulikuwa wa moto, upande unaotazama kidole cha kati ulikuwa wa kawaida. Mpaka haukuwa wa rula, ulikuwa na ukungu, lakini ulikuwepo, na ulipita palepale ambapo kila kitabu cha anatomia kinauchora.

Tukageuza mikono. Mgongo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, haukuwa na tofauti yoyote. Hili lilinifurahisha kuliko lile la kwanza, kwa maana lina habari ndani yake. Tawi la neva ya ulna linalohudumia ngozi ya mgongo wa kiganja huchepuka sentimita kadhaa kabla ya kifundo. Kama tawi hilo ni zima na kiganja kimeathirika, basi neva imeumia chini ya mchepuko huo. Kovu la kijana lilikuwa sentimita 3 juu ya mkunjo. Picha na kovu vilikuwa vinasema jambo moja.

Joto lenyewe lilijibu pia swali jingine. Ateri ya ulna, mshipa unaoleta damu mkononi, inapita bega kwa bega na neva ya ulna pale kwenye kifundo, na kilichokata neva mara nyingi kinaikata ateri. Ateri ikikatwa na nyingine isimudu, kidole kinakuwa baridi. Hapa kilikuwa cha moto. Hata hivyo sikuiachia kamera jambo hilo. Nilizibana ateri zote mbili za kifundo kwa vidole, kijana akafumba na kufumbua ngumi mpaka kiganja kikapauka, kisha nikaiachia ya upande wa ulna peke yake. Damu ilirudi haraka.

Karatasi, kalamu na beseni

Baada ya hapo nikaiweka kamera pembeni. Ningependa kila anayesoma atambue kwamba vitu vilivyofuata havigharimu chochote.

Nilimpa kadi yake ya kliniki aishike kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, nikaivuta. Upande wa kulia ilikatalia. Upande wa kushoto dole gumba lilijikunja kwenye kiungo cha mwisho, likijaribu kukopa nguvu kwa misuli ya neva nyingine. Hiyo ndiyo ishara ya Froment. Kupanua vidole alishindwa. Kidole kidogo na cha pete vilianza kujikunja kama kucha za mwewe, kwa mbali.

Kisha nikachukua kalamu ya plastiki, laini, nikaipitisha taratibu kwenye ngozi. Kwenye kidole cha shahada ilikuwa inakwama kidogo kidogo, kwa sababu ngozi yenye uhai ina unyevu wa jasho usiouona. Kwenye kidole kidogo iliteleza kama juu ya kioo. Kipimo hiki nacho kinadanganywa na mafuta ya mgando, ndiyo maana kufuta mikono kulifaa mara mbili.

Mwisho, beseni la maji ya vuguvugu, nyuzijoto 40, nusu saa. Daktari O'Riain alieleza mwaka 1973 kwamba ngozi iliyopoteza neva haikunjamani majini. Kijana aliingiza mikono yote miwili, mjomba akasogeza kiti aone. Tulipoitoa, vidole tisa vilikuwa na makunyanzi kama ya mfua nguo, isipokuwa kidole cha pete cha kushoto kilichokunjamana upande mmoja tu. Cha kumi, kidole kidogo cha kushoto, kilitoka laini, kimejaa, kinang'aa. Mjomba alikishika, akakigeuza, akakilinganisha na cha kwake. Tangu hapo hakuuliza tena kama kweli kuna tatizo.

Neno moja kuhusu ukoma, kwa kuwa tuko Dodoma, na Hombolo wazee wanaikumbuka kwa kituo chake cha wagonjwa wa ukoma. Neva ya ulna ni mojawapo ya neva zinazoshambuliwa sana na ugonjwa huo, na vijidudu vyake hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Mkono mkavu, wenye ganzi upande wa kidole kidogo, hata ukiwa na kovu la bati, haupaswi kuondoka bila kupapaswa neva nyuma ya kiwiko kuona kama imenenepa, na bila kutazamwa mabaka ya ngozi. Nilipapasa, nikatazama. Hakukuwa na kitu.

Kamera isichoweza kusema

Hapa ndipo nataka niwe wazi, kwani nimeona watu wakiishabikia teknolojia hii kupita kiasi. Mwaka 1990 madaktari wa neva wa Marekani walipoitathmini, hawakuridhika nayo kama kipimo cha kutegemea, na sababu zao zilikuwa za msingi. Joto la ngozi linabadilishwa na mambo mengi mno. Kuna maumivu sugu yanayofuata kuumia ambayo nayo hufanya mkono uwe wa moto au wa baridi bila neva kubwa kukatika. Kuna kisukari, kuna sigara, kuna mfuko wa jaketi.

Zaidi ya hapo, kamera haisemi neva imeumia kiasi gani. Seddon, daktari wa upasuaji wa Uingereza, mwaka 1943 aligawa majeraha ya neva katika madaraja matatu. Nyuropraksia, ambapo neva imeshtuka tu na itarudi yenyewe kwa siku au wiki. Aksonotmesisi, ambapo nyuzi za ndani zimekatika lakini mirija inayozibeba ni mizima, kwa hiyo zinaweza kuota tena na kufuata njia yake. Nyurotmesisi, ambapo vyote vimekatika na pasipo upasuaji hakuna matumaini ya kweli. Kilichoniambia kitu ni kwamba nyuzi za jasho na mishipa ya damu, kwa kuwa ni nyembamba, mara nyingi husalimika kwenye nyuropraksia. Zilipokuwa zimezimika kabisa kwa kijana huyu, nilijua hatuko kwenye daraja la kwanza. Kati ya la pili na la tatu, kamera ilikuwa kimya.

Kipimo cha umeme wa neva na misuli nacho kisingetutenganishia hayo mawili siku ile. Neva iliyokatwa inachukua wiki mbili hadi tatu kuoza upande wa mbele ya jeraha na misuli kuonyesha dalili zake, kwa hiyo kabla ya wiki ya tatu kipimo hicho kinaweza kutoa jibu la nusu. Lakini kulikuwa na kanuni ya zamani ambayo haihitaji mashine: kitu chenye makali kimepita njiani mwa neva, na neva imeacha kufanya kazi, basi ihesabu imekatika mpaka mtu aione kwa macho kuwa ni nzima. Kwa jeraha la kugongwa au la kuanguka unaweza kusubiri na kuangalia. Kwa jeraha la bati huwezi kusubiri.

Ukiniuliza, basi, kamera ilifaa nini, nitakujibu hivi. Uamuzi wa kumpeleka kwa daktari wa upasuaji ungefikiwa kwa kadi, kalamu na beseni. Picha ilifanya kazi nyingine, ya kumfanya mtu akubali. Mjomba alikuwa ameshafika na hoja yake: kidonda kimepona, vidole vinakunja, kidole kina joto, na joto ni uzima, kwa nini mnataka kupasua palipofunga? Kijana hakuwa na bima. Kupasua maana yake ni ng'ombe kutoka zizini. Nilimwonyesha mjomba ile picha ya pili kwenye simu, kidole cha pete chenye sura mbili, nikamweleza kwamba joto lile ni la bomba lililoachwa wazi kwa sababu mwenye kufunga koki hayupo. Aliitazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Mwanangu, huyo mwenye kufunga akirudi, joto litashuka?" Nikamwambia litashuka kabla hajarudi, na hilo lisimtishe.

Siku ya 17 alipasuliwa. Neva ya ulna ilikuwa imekatika yote, ncha mbili zikiwa zimeachana kama sentimita moja, na kano ya jirani imekatwa nusu. Daktari alisafisha ncha, akazishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele chini ya miwani ya kukuza. Mkono uliwekwa kwenye gango kwa wiki tatu, kifundo kikiwa kimekunjwa kidogo ili mshono usivutwe.

Kidole kilipogeuka baridi

Siku chache kabla ya Nanenane kijana alirudi mwenyewe, hajaitwa. Wenzake walikuwa wanajenga mabanda kwenye viwanja vya Nzuguni, akaenda kuwaangalia, na asubuhi hiyo kidole kidogo kikawa baridi kama chuma na rangi yake ikaingia ubluu kwenye ukucha. Alikuwa anatetemeka, si kwa baridi. Aliniambia, "Daktari, naona mkono unakufa."

Nilimketisha dakika 20, madirisha yamefungwa. Kidole kidogo cha kulia 30.2, cha kushoto 27.4. Tofauti ya 2.8, kubwa kidogo kuliko ya Juni, na imegeuka upande. Ukucha nilipoubonyeza damu ilirudi vizuri. Nilimrudishia picha ya Juni na kuiweka kando ya ya leo, nikamweleza habari ya mishipa ya damu iliyonyimwa neva. Najuta kwamba siku ya upasuaji sikumweleza yeye kama nilivyomweleza mjomba. Wiki nane mtu anaishi na kidole cha moto, kisha kinageuka barafu, na hakuna aliyemwandaa. Tangu hapo nimeiandika kwenye karatasi ya maelekezo ya nyumbani, kwa herufi kubwa: KIDOLE KITAKUWA BARIDI. Pamoja na glovu ya sufi kwa asubuhi za kiangazi.

Oktoba alikuja na jambo jingine. Picha ilionyesha ncha ya kidole kidogo ikiwa ya moto kuliko ya kulia kwa nyuzi 1.9. Nilitamani sana iwe neva imerudi. Lakini hesabu ilinikataza. Neva iliyoshonwa inaota kama milimita 1 kwa siku, ukishatoa wiki tatu au nne za mwanzo ambazo haiendi popote. Kutoka kwenye mshono wake hadi ncha ya kidole nilipima sentimita 16 na nusu. Kwa miezi minne isingeweza kuwa imepita sentimita 9 au 10. Nikagonga kwa ncha ya kidole changu kuanzia kwenye kovu kwenda mbele, na ishara ya Tinel, ile mitetemo kama ya umeme anayoihisi mtu ukigonga juu ya neva inayoota, ilikoma katikati ya kiganja, palepale hesabu ilipoiweka.

Nikageuza kidole kwenye mwanga. Upande wa ndani kulikuwa na lengelenge, limepasuka tayari, kubwa kama mbegu ya alizeti. Alishika bati saa saba mchana. Oktoba, Dodoma, bati la juani. Hakuhisi, na hata alipofika kwetu hakujua lipo. Tulitumia muda uliobaki kuzungumza juu ya sufuria, kikombe cha chai, jiko la mkaa, na macho kufanya kazi ya ngozi.

Mwezi wa tisa tangu aumie

Machi, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, nilimpima mara ya mwisho kabla ya kuandika haya. Kidole kidogo cha kulia 31.7, cha kushoto 31.0. Tofauti ya 0.7 bado iko juu ya kawaida, lakini imeshuka mno kutoka 2.8 ya Agosti. Kalamu inakwama kidogo. Majini kidole kimeanza kukunjamana, makunyanzi mawili matatu upande wa ncha. Akifumba macho anatambua akiguswa kwa sindano, na anatofautisha baridi na moto, ingawa hawezi kusema aliloshika ni sarafu au kifungo.

Misuli iko nyuma, kama ilivyo kawaida kwa mtu mzima aliyekatwa neva hii. Kadi anaishika sekunde tatu kabla dole gumba halijajikunja. Kidole cha shahada kinajisukuma kando kwa kiasi kinachoonekana. Kupanua kidole kidogo bado. Amerudi kazini kwa kupima na kukata mbao. Kupandisha bati hapandishi. Gango dogo la kuzuia vidole visijikunje analivaa usiku.

Tumempangia mwezi wa 12 tangu aumie. Kama vidole vitakuwa bado havipanuki, tutarudi kwa daktari wa upasuaji kuzungumzia kuhamisha kano kutoka kidole kingine, jambo ambalo mjomba ameshaanza kuuliza gharama yake.